Kidonda cha mti hakilishwi majivu

Aisee wiki iliyopita mbuzi wa jirani kakata kamba, kaingia kihambani, kala gome la mparachichi wetu upande mmoja, kama viganja viwili hivi, na jioni kila anayepita ana dawa yake. Mzee mmoja nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba na hapohapo, "Mwanangu paka majivu, yana chumvichumvi, mti utaziba haraka." Nikaitikia tu kwa heshima, ila sijapaka.

Majivu yana kalsiamu na potasiamu kweli, hapo mzee kapatia. Ila kidonda hakili. Madini yanaingia kwa mizizi, yanapanda na maji, gome linagawiwa kutokea ndani, na majivu yakilowa yanakuwa makali yanaweza kuunguza zile seli hai za ukingoni ambazo ndo zinatakiwa kuziba.

Halafu kuna wanaodhani madini yametapakaa sawasawa gome zima. Wapi! Kalsiamu ndo nyingi kuliko madini mengine humo, kwenye miti mingi imeganda kama fuwele ndogondogo za oksaleti, na ikishatua haihami kwa sababu mirija inayoshusha sukari haiibebi sana. Ni mpangaji aliyegoma kutoka. Potasiamu yenyewe konda wa daladala, inapanda inashuka, inakimbilia penye seli changa zinazogawanyika. Ndo maana gome la nje lililokufa lina kalsiamu kibao na potasiamu kiduchu, wakati ule mdomo laini unaoota pembeni ya kidonda unavuta potasiamu na fosforasi (seli mpya haijengi DNA bila fosforasi), kalsiamu inakuja kujazana kadiri unavyokomaa.

Kubwa zaidi, eti mti unapona kama ngozi yetu. Haponi mtu hapo, mti unafukia. Alex Shigo wa idara ya misitu ya Marekani alipasua miti kwa msumeno miaka na miaka, na mwaka 1977 akaeleza na mwenzake jinsi mti unavyojenga kuta kuzunguka sehemu iliyoumia, ile ya zamani inabaki humohumo na kovu lake. Kwenye gome, seli za chini ya jeraha zinajikaza kwa lignini (ile inayofanya mbao iwe ngumu) na suberini (kitu kama nta kisichopitisha maji), ndipo chini yake linaota gome jipya. Sasa suberini ni kaboni, haidrojeni na oksijeni, yaani kizibo chenyewe kinatokana na sukari ya majani, siyo kwenye kopo lako. Rangi za kupaka vidonda vya miti nazo Shigo alizijaribu, hazikuzuia kuoza. Oili chafu ya gereji hata tusiijadili.

Chokaa ya miti ya barabarani? Inarudisha jua, hailishi gome. Na ule weusi unaochuruzika kwenye misumari ya mabango pale Arusha mjini siyo mti kutoa sumu, ni chuma kimekutana na tanini ya gome (ile kali inayokausha mdomo kama chai ya rangi).

Sisi tulichofanya ni kusawazisha kingo zilizochanika kwa kisu kikali, kumwagilia, basi. Bahati mbuzi hakuzunguka shina zima, angekata njia ya sukari kwenda mizizini na mti ungekufa njaa polepole huku majani bado ya kijani. Jirani kanunua mnyororo.