Hema la kufunguka lenyewe na chumvi ya pwani yetu

Maalim mmoja wa skuli aliniletea mahema mawili ya kufunguka yenyewe, kila moja ndani ya mfuko wake wa duara mfano wa ungo. "Fundi," akaniambia, "haya tumeyatumia safari moja tu." Nilipofungua zipu ya mfuko wa kwanza, kabla hata sijalitoa hema, nikajua. Ile harufu ya uchachu ukishainusa mara moja huisahau. Nikapitisha kidole upande wa ndani wa kitambaa, kikanata kama ulimbo. La pili vivyo hivyo. Wanafunzi walilala ufukwe wa Vumawimbi, Pemba, usiku mmoja, alfajiri wakakutwa na rasharasha, wakakunja mbiombio ili wawahi boti Mkoani, na mahema yakakaa stoo masika nzima. Hayakuchanika popote. Fito zilikuwa nzima, zipu nzima. Sikuwa na la kumfanyia.

Yamenifika ya namna hiyo mara nyingi, ndiyo maana naandika. Mtu wa kwetu akitaka kununua hema hili huuliza linafunguka kwa sekunde ngapi. Mimi humuuliza atalikaushia wapi, kwa sababu mahema mengi ninayoyaona hayafi porini wala ufukweni. Hufia ndani ya mfuko.

Nilianzia kwenye matanga. Ami yangu, Nungwi, alikuwa mshonaji wa matanga ya majahazi, na kabla hajanikabidhi sindano alinifanya kijana wa kutandaza tanga mchangani, kuligeuza, kulingoja, kisha kulikusanya likiwa kavu hadi kwenye pindo. Matanga ya wazee yalikuwa ya merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa Unguja na meli za Marekani karne ya 19, na jina lake limetoka huko. Pamba ikifungwa na maji huoza. Hilo kila baharia alilijua. Hema la leo ni la poliesta, na poliesta haiozi. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Poliesta peke yake haizuii mvua. Kinachoizuia ni utando mwembamba wa poliyurethani uliopakwa upande wa ndani, nao ndio wenye roho nyepesi. Ukikaa muda mrefu kwenye unyevu na joto, maji huuvunjavunja kidogo kidogo, ukaanza kunata, ukanuka, mwisho ukabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Ukifika hapo hakuna sabuni wala dawa ya kuurudisha.

Sasa ongeza chumvi. Tazama kikopo cha chumvi jikoni kwako mwezi wa Aprili: hakuna aliyekitia maji, lakini chumvi imelowa na kushikana, kwa kuwa inakunywa unyevu wa hewani. Hema lililolala pwani limeshapakwa chumvi hata kama wimbi halikuligusa, maana upepo huibeba. Ukilianika likakauka, ukalikunja bila ya kulisuuza, chumvi ile itaendelea kunywa humo humo mfukoni. Kwa hiyo maji matamu kwanza, kuanika baadaye. Na nasema maji matamu makusudi, kwani visima vingi vya karibu na ufukwe maji yake yana magadi na chumvi, onja kwanza.

Mahema haya yanakuja karakanani kwangu kwa aina mbili. Moja tunaliita la kurusha. Fito zake ni pete ndefu za faiba au za chuma chembamba zilizopitishwa ndani ya kitambaa, zimepindwa kwa nguvu nazo zinataka kurudi zilivyokuwa. Ukifungua mikanda ya kubana, linafyatuka na kuwa hema. Lililotia fora ni lile la Quechua, chapa ya kampuni ya Kifaransa Decathlon, lililotoka mwaka 2005 likiitwa hema la sekunde mbili. Aina ya pili ni la mwavuli: fito zina vifundo, juu pana kichwa cha plastiki, unavuta kamba, vifundo vinalia ta, ta, ta, limesimama. La kurusha linawashinda watu kulikunja. La mwavuli hukunjika bila ya taabu, lakini vifundo vyake huingia mchanga vikakwama, na kile kichwa cha plastiki kikipigwa jua sana hupasuka, nami sijapata duka hapa mjini linalouza kichwa peke yake. Kwa familia inayolala pwani mara moja moja, mimi huwaambia wachukue la kurusha na wajifunze kulikunja.

Mahali pa kulala pasikuchukue muda mrefu, ila mambo mawili usiyarahisishe. Mwone sheha wa hapo, yaani kiongozi wa mtaa, kwanza, na kama ni Ngezi waone walinzi wa msitu. La pili ni maji. Mstari wa mwani unaouona mchangani ni wa maji ya leo. Mwezi ukiwa unaelekea kuandama au kupevuka, ya kesho yatapanda zaidi. Maji hayo makubwa, bamvua, kwetu hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na baina ya kupwa na kujaa ni karibu mita 4. Ya alasiri utayaona kwa macho. Ya alfajiri yatakukuta usingizini. Mimi hutafuta mstari mkongwe kuliko yote, ule ambao mwani wake umeshakuwa mweupe na mwepesi kama karatasi, nikapanda hatua kumi juu yake. Na chini ya mnazi silazi mtu.

Kisha upepo. Julai moja, Makunduchi, kijana tuliyekuwa naye alilirusha hema juu kama alivyoona kwenye video, na kusi, upepo wa kutoka kusini, likalipokea. Lilipaa kama tiara, likapiga kwenye mawe, likavingirika hadi majini. Fito mbili zilivunjika kabla halijalaliwa hata saa moja. Tangu siku ile nawafundisha watu hivi: chuchumaa, weka chini lile duara la hema lililokunjwa, funga kamba ya pembe moja ya upande unaotoka upepo kwenye kigingi au kwenye jiwe, kanyaga ukingo kwa goti, ndipo ufungue mikanda ukiwa umelishika. Litafyatuka mikononi mwako. Ukiwa na watoto wasogee nyuma, maana ufito unapofyatuka unaweza kumpata mtu jicho.

Mlango uelekee wapi? Hapa sisi tuna dira nzuri. Kibla chetu ni kaskazini, karibu sawasawa. Wakati wa kusi, ukisimama kama unayesali, upepo unakupiga mgongoni na ubavu wa kulia. Basi mlango wa hema uelekee kibla, mgongo wake ubebe upepo. Ikishaingia kaskazi, Disemba hadi Februari, geuza: mlango ukipe kibla kisogo. Hema lililopokea upepo kwa mlango hujaa kama tanga, na kazi ya tanga ni kwenda.

Vigingi vyembamba vinavyokuja na hema ni vya nchi zenye majani na udongo. Kwenye udongo mwekundu wa Pemba vinashika vizuri ukivilaza kidogo, kichwa kikiangalia mbali na hema. Kwenye maweni haviingii. Usipoteze nguvu, funga kamba kwenye mawe mazito, na chini tandika jamvi, kwa sababu ncha za mawe yale hutoboa sakafu ya hema kama sindano. Kwenye mchanga kigingi kinaingia kwa kidole na kinatoka kwa pumzi. Hapo mimi natumia makumbi. Unachukua kumbi la nazi, unalifunga kamba katikati, unachimba shimo la kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, unalizika likiwa limekingama na kamba, unafukia na kukanyagia kwa kisigino. Vuta: kamba inakata mchanga kidogo, kisha inagoma. Makumbi manne yamenishikia hema Bwejuu usiku mzima wa kusi, na asubuhi ilibidi niyachimbe kuyatoa. Ukitandika turubai chini ya hema, kingo zake zisitokeze nje hata kidogo. Zikitokeza zinakinga maji ya mvua na kukuletea chini ya godoro.

Asubuhi wengi hunipigia simu kusema hema linavuja. Mara nyingi ni pumzi zao. Watu wanne waliolala wamefunga kila kitu hutoa mvuke wa kutosha kulowesha dari. Acha vidirisha vya juu wazi, neti itazuia mbu. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema kwa hali yoyote, hata limebakia majivu mekundu tu, hata mvua inanyesha. Moshi wake usioonekana unaua mtu akiwa amelala. Dawa ya mbu ya kuwasha nayo ibaki nje.

Kukunja sasa. Fungua milango yote hewa itoke, nyanyua hema zima mlango ukiwa chini, litikise mchanga umwagike. Kusanya pete za fito ziwe pamoja, kama unayefunga msahafu, hadi hema liwe bapa na refu. Funga mkanda wa kwanza. Lisimamishe kwa ubavu, ncha moja chini, nyingine juu karibu na kifua chako. Sasa shika ile ya juu uikandamize chini polepole, uiache ipinde. Utaona katikati pamejikaza na pembeni yanajifanya maduara mawili, mfano wa nambari 8. Duara moja linataka kulala juu ya jenziwe. Lisaidie lifike, kisha funga. Ukihisi fito zinakugomea, umegeuza upande usio wake. Liachie lote lifunguke, anza tena. Fito zote nilizowahi kuzibadilisha kwa sababu ya kukunja zilivunjwa na mtu aliyeongeza nguvu mahali pa kuongeza subira. Faiba iliyovunjika usiishike kwa mkono mtupu, nyuzi zake huingia kidoleni zisionekane. Mimi hufumua mshono kidogo, nasawazisha kwa msumeno ncha zilizovunjika, nazivisha kipande cha paipu ya alumini cha sentimita 10, nazungushia utepe na kushona tena. Hudumu.

Nyumbani, siku ile ile, lifungue. Lisuuze nje na ndani kwa maji matamu na sponji laini, bila ya sabuni ya unga wala dawa ya kutoa madoa, kwani hizo hula utando na zile tepe za ndani zinazoziba mishono. Vichwa vya zipu vimwagie maji mengi. Chumvi huvila haraka. Vikikauka, pitisha kipande cha mshumaa juu ya meno ya zipu. Mafuta ya nazi au ya mashine usitie, yanashika mchanga na mchanga unakuwa msasa.

Anika kivulini penye upepo. Jua la saa saba linakausha upesi, ndiyo, lakini pia linadhoofisha uzi, na kitambaa kilichoanikwa juani kila mara huja kuchanika kama karatasi. Kitambaa cha juu kitakauka mwanzo na kukudanganya. Angalia mshono wa sakafu, pindo za mlango, na mikanda, ambayo ni minene na hunyonya. Ami yangu alikuwa akigusa tanga kwa mdomo wa juu, akisema mkono wa fundi ni mgumu, hausikii. Nami nafanya vivyo hivyo: naweka pindo mdomoni. Likiwa na ubaridi hata kidogo, bado. Wakati wa kusi inatosha nusu siku. Wakati wa masika mimi huliacha limesimama sebuleni siku mbili, tunalizunguka.

Ule mfuko wake wa plastiki uwe wa safari tu. Wa kuwekea, shona doti moja ya kanga iliyochakaa, vipande viwili pande tatu. Duara la sentimita 80 hivi linaingia likiwa limelegea na kitambaa kinapumua. Weka juu ya kabati, mbali na ukuta unaotoa unyevu, na mbali na mabati yanayochemka mchana.

Na kwa kuwa linafunguka lenyewe, huna sababu ya kuliacha miezi mitatu bila ya kuliona. Maalim yule alinunua mengine mawili. Kila mwisho wa mwezi, baada ya alasiri, wanafunzi wake huyatoa kwenye mifuko ya kanga na kuyafungua ukumbini, madirisha wazi. Huyapitia mshono kwa mshono, na adhana ya magharibi huwakuta wameshayakunja.