Mwaka mmoja na siku moja: aliyepigwa akifa baada ya miezi, nani amemuua?

Katika sheria ya jinai ya Tanzania Bara, mtu hahesabiwi kuwa ameua pale tu anapomwangusha mwenzake akafa papo hapo. Majeruhi akifariki wiki kadhaa baadaye, au hata miezi kumi baadaye, aliyempiga anaweza kushitakiwa kwa kuua. Yanatakiwa mambo mawili: jeraha lile liwe ndilo lililosababisha kifo, na kifo kiwe kimetokea ndani ya mwaka mmoja na siku moja. La kwanza limeelezwa katika kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na la pili katika kifungu cha 205.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Siku ya tendo lenyewe nayo huhesabiwa. Mtu akipigwa tarehe 10 Juni 2024, mwaka unatimia tarehe 9 Juni 2025, na ile siku moja ya nyongeza ni tarehe 10 Juni 2025. Akifa siku hiyo yumo ndani ya muda. Akifa tarehe 11 muda umepita. Kama alishambuliwa zaidi ya mara moja, tuseme mke anayepigwa na mumewe kwa miezi, hesabu inaanza kwenye tendo la mwisho lililochangia kifo, si kwenye kofi la kwanza. Na kama kilichoua ni kuacha wajibu, kwa mfano mzazi anayemnyima mtoto chakula, siku zinahesabiwa tangu alipoacha kutenda kosa hilo.

Muda huu hauhusu kufungua kesi. Unapima umbali kati ya tendo na kifo, basi. Mtu akifa ndani ya muda, mshambuliaji akatorokea Mombasa akarudi baada ya miaka kumi na tano, bado anaweza kukamatwa na kushitakiwa kwa mauaji. Wapo wanaojificha mwaka mmoja na kurudi wakidhani wamepona. Hawajapona.

Sasa kwenye kiini chenyewe: jeraha na kifo vinaunganishwaje? Tuchukulie kijana aliyepigwa nondo ya kichwa katika ugomvi wa Ngamiani, jijini Tanga. Anapelekwa hospitali ya Bombo, anashonwa, baada ya siku chache anaruhusiwa. Nyumbani anakula na kuzungumza vizuri. Wiki ya sita anaanza kuumwa kichwa kisichosikia dawa, anasinzia mchana, anasahau majina, mguu mmoja unaburuta. Familia inasema malaria, wengine wanasema karogwa. Kumbe damu imekuwa ikivuja polepole kati ya fuvu na ubongo tangu siku ile, ikijikusanya na kuukandamiza ubongo. Hali hii inajulikana vizuri kwa madaktari, na mara nyingi dalili zake hujitokeza baada ya wiki tatu au zaidi. Kijana akifa hapo, kilichomuua ni nondo, ingawa katikati palikuwa na wiki za kuonekana mzima.

Majeraha mengine nayo yana mwendo wake. Pepopunda kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya 3 na ya 21 baada ya kidonda kuingia uchafu. Aliyevunjwa uti wa mgongo akapooza anaweza kufa mwezi wa nane kwa vidonda vya mgongoni au uambukizo wa njia ya mkojo uliofika kwenye damu. Wakili wa utetezi atasema marehemu ameuliwa na vidonda vya kulala, si na mteja wake. Hoja hiyo haitoshi: vidonda vimetokana na kulala, kulala kumetokana na kupooza, na kupooza kumetokana na kipigo.

Kifungu cha 203 kimejibu visingizio vinavyosikika sana. Kwamba marehemu hakwenda hospitali, alikwenda kwa mganga kwanza, au hakufuata masharti ya daktari: mshambuliaji hatoki kwa hoja hiyo. Kwamba alikuwa mgonjwa tayari: aliyeharakisha kifo cha mgonjwa amesababisha kifo. Ukanda wetu una malaria na selimundu, na mtu mwenye wengu lililovimba anaweza kufa kwa teke ambalo mwingine angelisahau kesho yake. Kwamba aliruka dirishani mwenyewe akikimbia mapanga: kama kuruka kulikuwa jambo la kawaida kwa mtu aliye katika hofu ile, kifo ni cha aliyemkimbiza.

Kuhusu matibabu mabaya, sheria ina mlango mmoja tu, nao ni mwembamba. Daktari akimtibu majeruhi kwa nia njema na kwa ujuzi wa kawaida wa kazi yake, mgonjwa akafa mezani, aliyempiga ndiye anayewajibika, hata kama baadaye itaonekana njia nyingine ingefaa zaidi. Lakini matibabu yakiwa hayana nia njema, au yamefanywa bila ujuzi wa kawaida, na ndiyo yaliyoua, mshambuliaji hahesabiwi kuwa amesababisha kifo. Atabaki na kosa la kujeruhi. Ndiyo maana faili la wodini huombwa na pande zote mbili.

Kusababisha kifo peke yake hakumfanyi mtu kuwa na hatia ya mauaji ya kukusudia. Lazima kuwe na dhamira ovu, nayo inatazamwa siku ya tendo, si siku ya mazishi. Mahakama ya Rufani katika shauri la Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 150 ya 1994, ilitaja ya kuangaliwa: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tendo. Panga la shingo ni tofauti na msukumo mmoja wa kifua kwenye mtumbwi pale Deep Sea, bandari ya wavuvi jijini Tanga. La kwanza linaelekea kwenye kuua kwa kukusudia, ambako adhabu ni kifo. La pili, aliyesukumwa akifa, linaelekea kwenye kuua bila kukusudia, ambako adhabu ya juu ni kifungo cha maisha na hakimu au jaji ana nafasi ya kupunguza.

Kesi hizi zinakwama kwenye karatasi kuliko kwenye sheria. Miezi inapopita, kila siku kati ya kipigo na kifo inahitaji ushahidi wake. Fomu namba 3 ya polisi, ile PF3, iliyojazwa siku ya kwanza ndiyo inayoonyesha jeraha lilikuwa wapi, kubwa kiasi gani. Ndugu wahifadhi nakala yake, kadi za kliniki, picha za eksirei na karatasi ya kuruhusiwa. Ripoti ya daktari ikifika mahakamani, mshitakiwa lazima aelezwe haki yake ya kutaka daktari huyo aitwe ahojiwe. Asipoelezwa, ripoti inaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa, na ushahidi mzuri ukapotea hivyohivyo.

Majeruhi mwenyewe ni shahidi. Polisi wachukue maelezo yake mapema angali na fahamu: nani alipiga, kwa kitu gani, mara ngapi. Akifa, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kifungu cha 34, inaruhusu maelezo yake kuhusu kilichomfikisha kwenye kifo yapokelewe, na si lazima wakati anayatoa awe anajua kwamba anakufa. Mahakama huyapima kwa uangalifu na hupenda yaungwe mkono na ushahidi mwingine.

Halafu kuna hati ya chanzo cha kifo. Ikiandikwa "moyo kusimama" haijasema kitu, maana kila anayekufa moyo wake husimama. Hati hiyo ina mistari inayoshuka kutoka kilichoua mwishoni hadi chanzo cha mwanzo kabisa, na mstari wa chini ndio mahakama inaoutaka: mgandamizo wa ubongo, uliotokana na damu kuvuja, iliyotokana na jeraha la kichwa la tarehe fulani.

Kwa Tanga hili lina uzito wa pekee kwa sababu tunazika haraka. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri yuko kaburini. Lakini aliyewahi kushambuliwa mwaka huohuo asizikwe kabla polisi hawajaarifiwa na daktari hajaufanyia mwili uchunguzi. Uchunguzi wenyewe huchukua saa chache tu. Kufukua baada ya wiki tatu kunahitaji amri ya kisheria, kunaumiza familia, na tishu zikishaoza daktari anaweza asione tena kilichotokea ndani ya fuvu.

Ikiwa mshambuliaji alikwisha kufungwa kwa kujeruhi, au wazee walikaa barazani akalipa gharama za matibabu na watu wakasaini, kifo kinafungua jambo jipya. Katazo la kushitakiwa mara mbili kwa kosa moja halizuii, kwa kuwa matokeo ya kifo hayakuwapo kesi ya kwanza ilipoamuliwa. Kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kinalisema wazi. Makubaliano ya barazani hayaifungi Jamhuri hata kidogo. Kama kesi ya kujeruhi bado inaendelea, huondolewa na kufunguliwa ya mauaji, na aliyekuwa nje kwa dhamana hurudi rumande, kwani mauaji hayana dhamana. Shauri hupita kwa hakimu kwa hatua za awali kisha husikilizwa na Mahakama Kuu.

Na akifa siku ya 400? Shitaka la kuua halisimami, lakini kipigo hakijafutwa. Yapo makosa ya kusababisha madhara makubwa, kifungu cha 225, hadi miaka saba. Kusababisha madhara hayo kwa kukusudia, kifungu cha 222, na kujaribu kuua, kifungu cha 211, yote hadi kifungo cha maisha. Sheria hii ya mwaka na siku tuliirithi kwa Waingereza, kutoka enzi ambazo daktari hakuwa na njia ya kusema kwa hakika kilichomuua mtu baada ya muda mrefu. Wao wenyewe waliifuta mwaka 1996, wakaweka sharti kwamba kifo kikitokea zaidi ya miaka mitatu baada ya jeraha, Mwanasheria Mkuu atoe idhini kwanza kabla mtu hajashitakiwa. Kwetu bado ipo, na anayeumia nayo zaidi ni aliyepooza: akitunzwa vizuri na ndugu zake akavuka mwaka, aliyemvunja mgongo ameepuka shitaka la kuua. Hapo Bunge lina kazi ya kufanya.