Atachimenti ni nini hasa, na kwa nini mwenzio anakupigia simu mara kumi na tano

Hili neno siku hizi limekuwa la kila mtu, mtu akiachwa tu utamsikia "shida nilikuwa na atachimenti nae", yaani kama vile ni ugonjwa. Sio ugonjwa jamani. Sisi wanasihi tukisema atachimenti tunamaanisha kule moyo kumshika mtu fulani, kwamba nikiogopa au nikiumia yupo wa kumkimbilia na atanipokea. Mtoto wa mwaka mmoja anayo, na baba wa miaka hamsini anayo vilevile hata kama hasemi.

Na wengi hawajui kuwa uchunguzi wake mkubwa wa mwanzo ulifanyika hapahapa jirani. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda 1954 akawa anatembelea familia 26 za Wabaganda kwenye vijiji karibu na Kampala, anakaa nyumbani kwao, anaangalia mama na mtoto wanavyoishi, anarudi tena na tena kwa miezi. Alikuta watoto wengine wametulia, wanatambaa mbali kuchezea vitu kisha wanarudi kwa mama, wengine wanalia hata wakiwa wamebebwa. Na mama za wale waliotulia wengi walikuwa ni wale ukiwauliza habari za mtoto wanakueleza mpaka vitu vidogovidogo, yaani wanamjua, wanamsoma. Mi hapo huwa napapenda sana.

Mwaka 1987 huko Marekani, wanasaikolojia wawili, Hazan na Shaver, wakasema hata mapenzi ya watu wazima yanafuata njia hiyohiyo, na hicho ndo nakiona kazini kila wiki. Yupo ambae ukichelewa kujibu meseji roho inamruka, anapiga, anapiga tena, ukipokea anafoka, lakini chini ya ule ukali kuna woga tu wa kuachwa. Af yupo ambae akibanwa ananyamaza, anatoka, anazima simu, mana alishajifunza kitambo kuwa ukilia hakuna anaekuja so bora ujikaushe. Sasa hawa wawili wakioana ndo balaa, huyu akikimbiza yule anakimbia, na kadri anavyokimbia ndo anazidi kukimbizwa, kila mmoja anaapa mwenzie ana roho mbaya.

Usimwite mtu king'ang'anizi au jiwe ukadhani umemaliza, hii sio tabia ya kuzaliwa nayo mpaka kaburini, inabadilika mtu akipata mwenza anaetabirika. Ila kupigwa au kufungiwa ndani sio atachimenti, hapo tafuta msaada utoke.

Kwa wengine huwa naanza na kitu kidogo tu: badala ya kuzima simu mwandikie "nimeiona meseji yako, nipo kazini, saa mbili usiku nakupigia". Na ikifika saa mbili piga kweli.