Nani atamhudumia mzee? Maswali ya kujibu mapema

Maswali haya nakutana nayo kila mara, mengine kliniki ya presha na sukari, mengine mtu ananisimamisha njiani tu, nikaona bora niyajibu pamoja.

Mama ana miaka 58, yuko fiti, anauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza kila siku. Haraka ya nini kuongelea mambo ya kumhudumia?

Haraka ni hiyo hiyo nguvu aliyonayo. Leo anaweza kukwambia anataka kuishi wapi na kwa nani, hela zake ziko wapi, nani anamdai. Kiharusi kikimpiga kesho, hasa kikipooza upande wa kulia, mara nyingi na maneno yanakata, hapo ndo mnaanza kubahatisha, mmoja anataka arudishwe Ukerewe kwa kaka yake, mwingine anataka abaki mjini karibu na hospitali ya Bugando, na yeye yupo kitandani anawasikia wote hana la kujibu. Afu presha ndo chanzo kikubwa cha kiharusi, kwahiyo mpango wa kwanza wa uzee ni kupima presha na sukari na kumeza dawa kila siku kama umeandikiwa, hata siku kichwa hakiumi. Wengi wanaacha dawa wakijisikia vizuri, wakati dawa ndo imewafanya wajisikie vizuri.

Si watoto wapo? Sisi huku hatupeleki wazee kwenye makao.

Makao yapo, kuna ya serikali pale Bukumbi, Misungwi, ila ni ya wazee wasio na mtu wala uwezo. Kwahiyo ndio, mzee atabaki nyumbani. Ila jamani tuseme ukweli, "watoto wapo" mara nyingi maana yake binti mmoja, yule ambaye hajaolewa au aliyerudi nyumbani, anaacha genge lake anakuwa nesi bila mshahara. Mtu asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya masaa mawili hivi, usiku na mchana, la sivyo anapata vidonda mgongoni na kwenye visigino. Pampasi za watu wazima zinaisha haraka na sio bei rahisi. Kaka walioko Dar wanatuma hela sikukuu na kupiga simu kuuliza kwanini mama amekonda.

Hili linaniuma kabisa: msiba ukitokea grupu la WhatsApp linafunguliwa na michango inajaa ndani ya siku mbili, lakini mzee akiwa hai amelala miaka mitatu hakuna grupu. Fungueni sasa. Kila mtoto aandike kiasi cha kila mwezi, hata kidogo, pawe na mtunza hela, na anayekaa na mzee kazi yake ihesabiwe kuwa ni mchango wake tayari, asidaiwe tena. Na pangeni nani anampokea apumzike. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, mtoto anayeishi Sengerema ng'ambo ya pili hana tena sababu ya foleni ya kivuko.

Nyumba yetu iko mlimani Mabatini, juu ya mawe. Tufanyeje?

Swali zuri sana kwa Mwanza yetu hii. Mshuke wenyewe hizo ngazi mkihesabu: wapi hakuna pa kushika, wapi jiwe linateleza mvua ikinyesha, wapi usiku hakuna taa. Mzee akianguka akavunjika nyonga kutembea tena ni shida, na kumshusha mpaka barabarani mtahitaji vijana wanne. Fundi wa kuchomelea awawekee bomba la kushikia, kandambili zilizokwisha zitupwe, taa iwepo njia ya chooni. Kama choo ni cha kuchuchumaa, seremala anaweza kukata tundu katikati ya kiti imara, kikawekwa juu ya shimo. Macho pia apimwe, mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji mdogo na mtu anaona tena. Kama mna vyumba vya chini mmepangisha, anzeni kufikiria mpangaji apande juu.

Bibi anasahau, anatoka usiku, na mtaani watu wameanza maneno.

Hapa naomba msome polepole. Kusahau kunakoongezeka kidogo kidogo, kupotea njia anayoijua, kuuliza kitu kimoja mara kumi, huo ni ugonjwa wa ubongo unaoitwa dimenshia, sio uchawi. Macho mekundu, ambayo watu wanasema ni dalili ya mchawi, nayo ni moshi wa kuni na samadi wa miaka yote jikoni. Kanda yetu wazee wameuawa kwa maneno kama hayo, kwahiyo msinyamaze, mwenyekiti wa mtaa na majirani waelezwe mapema kwamba bibi anaumwa. Ila akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja mbili, mkimbizeni hospitali, inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo au sukari imeshuka, na hayo yanatibika.

Hela je? Sisi ni wavuvi, hatuna pensheni.

Wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo hospitali za serikali, anzieni ofisi ya mtaa na ustawi wa jamii wapate kumtambua, msisubiri awe amelazwa. Na wewe unayeuliza una miaka 35 au 40, mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF unapokea waliojiajiri, pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, ni miaka 15 hiyo, ukianza na 55 umechelewa.

Baba kaandika wosia. Haitoshi?

Wosia unaanza kazi akishafariki. Tunaongelea miaka ya kabla. Kama anataka mtu amsimamie benki au kwenye kiwanja, aende kwa mwanasheria akili yake ikiwa timamu.

Naanzaje kumwambia bila kuonekana namtakia kifo?

Usiitishe kikao cha ukoo. Muulize alivyomuuguza mama yake mwenyewe, nini kilikuwa kigumu, nani alisaidia na nani alikimbia. Atasema mengi. Afu muulize, "na wewe baba ungependa iweje?" Andika anavyosema, msomee, mwache arekebishe, na nakala wapate watoto wote, hasa yule wa mbali.