Kitambaa hakilindi kazi

Jana asubuhi kijana mmoja ameniletea rodi ya silinda ya haidroliki, ule mhimili wa mviringo unaoingia na kutoka kwenye silinda, kipenyo milimita 50, imetoka kwenye mkono wa ekskaveta. Anataka abadilishiwe sili tu, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje. Nikapitisha ukucha taratibu juu ya kromu, lile ganda gumu linalong'aa juu ya rodi, kutoka kwenye jicho la rodi kwenda upande wa pistoni. Ukucha ukakwama. Nikafuta oili, nikaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni: vidonda vitatu vimejipanga mstari mmoja, kila kimoja kama punje ya ufuta. "Lakini fundi," akasema, "tulipoishika na spana ya bomba tuliizungushia mpira wa tairi."

Mpira wa tairi. Juzi ilikuwa tambara la kanga, na kabla ya hapo gunia. Nimechoka kulieleza jambo hili mdomo kwa mdomo, kwa hiyo leo naliandika.

Wengi wanaamini kazi, yaani kipande tunachokishika ili kukichonga au kukitengeneza, inaumia kwa sababu chuma kimegusa chuma, basi ukiweka kitu laini katikati umemaliza. Si hivyo. Kazi inaumia kwa sababu nguvu nyingi imerundikana mahali padogo, au kwa sababu pamebaki uchafu katikati. Jino la spana ya bomba ni lilelile, liwe na mpira au lisiwe nao. Ukivuta, mpira unateleza. Ukiteleza, unavuta zaidi. Ukivuta zaidi, jino linatoboa mpira na kufika kwenye rodi likiwa na nguvu kubwa kuliko ambayo ungetumia bila mpira.

Wapo wanaonijibu kwamba kromu ni ngumu, haikwaruzwi. Kweli ni ngumu. Lakini unene wake kwenye rodi nyingi ni milimita 0.02 hadi 0.03 tu, na chini yake kuna chuma cha kawaida ambacho ni laini zaidi. Ni kama ganda la yai. Jino likibonyeza, chuma cha chini kinabonyea, na kromu kwa kuwa haiwezi kujikunja inapasuka. Maji yanaingia kwenye ufa, kutu inatambaa kwa chini, vipande vinaanza kubanduka, na kila rodi inapoingia na kutoka kingo zake zinakata mdomo wa sili. Halafu watu wanalaumu sili kwamba ni feki. Na tafadhali, kidonda hicho usikipige msasa ukadhani umekitibu. Unaiondoa kromu nzima iliyokizunguka.

Kwenye chaki ya lezi, kile kichwa chenye meno kinachobana kazi na kuizungusha ili ichongwe, kitambaa ni kibaya zaidi. Hakina unene mmoja, kwa hiyo kazi inazunguka ikiyumba na dayo geji, kipimo chenye sindano, itakuonyesha. Kinaficha chenga za chuma ndani ya nyuzi zake. Kinalegea mashine ikiwa inazunguka. Na ncha yake ikining'inia karibu na chaki inayozunguka, inaweza kuuvuta mkono wako ndani. Kwangu tambara haliruhusiwi kusogea karibu na chaki kabla mashine haijasimama kabisa, na mwanagenzi asiyelikubali hilo hafanyi kazi hapa.

Kwenye jiliwa, kibanio cha mezani, angalau watu wanapinda vipande vya alumini na kuvivika kwenye meno yake. Ni vizuri, mimi mwenyewe natumia alumini ya sufuria kuukuu. Lakini alumini ni laini, na chenga zinajichomeka ndani yake zikabaki humo. Baada ya wiki mbili kinga yako imegeuka msasa. Ipitishie kidole kila unapofunga kazi mpya, na ukisikia kijipunje chochote, pinda nyingine.

Kinachofaa kwa rodi ni bushi, yaani pete nene kama bomba fupi, iliyopasuliwa. Chukua alumini, shaba au nailoni ngumu, chonga tundu la kipenyo cha rodi yenyewe, kisha ipasue upande mmoja kwa msumeno wa chuma. Kingo za mpasuko zipige tupa mpaka zisikate, kwa sababu hizo ndizo zitakazochora rodi ukizisahau. Ivike kwenye rodi, kisha ifunge kwenye chaki. Sasa meno yanaibana bushi, na bushi inaikumbatia rodi karibu mzunguko mzima. Nguvu ni ileile, ila imetandazwa. Ni kazi ya nusu saa, na bushi hiyo utaitumia miaka. Ninazo za milimita 40, 45, 50, 56 na 63, zimepangwa rafuni na vipimo vimegongwa ubavuni.

Lipo dhara lingine lisiloacha alama yoyote, na ndilo linaloniudhi kuliko yote kwa sababu watu wananikatalia wakiwa wameshika vernia, kile kipimo cha taya mbili, mkononi. Chukua bushi ya bronzi yenye ukuta wa milimita 5, ifunge kwenye chaki ya meno matatu, kaza, chonga ndani. Tundu linatoka la mviringo safi. Fungua chaki. Ukuta uliokuwa umebonyezwa sehemu tatu unarudi ulikotoka, na tundu linakuwa la pembetatu yenye kona butu. Shafti inagoma kuingia. Fundi anapima kwa vernia huku, anapima kule, anapata kipimo kimoja kila mahali, anaapa tundu ni la mviringo. Vernia inagusa sehemu mbili tu, na kwenye umbo hilo kila nundu inatazamana na bonde upande wa pili, kwa hiyo vipimo vinalingana. Tumia geji ya miguu mitatu, au ingiza shafti iliyopakwa rangi ya bluu uone inagusa wapi.

Dawa yake ni meno laini ya chaki, yale yasiyochomwa kuwa magumu, uyachonge yakiwa kwenye chaki yako mwenyewe huku yamebana pete ili yakae kama yatakavyokaa kazini. Ukiyatoa, ukirudisha, chonga upya. Vitabu vinasema yachongwe kwa kipenyo cha kazi hasa. Mimi kwa ukuta mwembamba nayachonga madogo kidogo, ili kila jino liguse kwa kingo zake mbili na nguvu igawanyike sehemu sita badala ya tatu. Lakini kingo hizo zinaweza kuacha alama, kwa hiyo kwa kazi iliyong'arishwa narudi kwenye kipimo cha kitabu. Sina hakika kama ninapoweka mpaka kati ya hizo mbili ni mahali sahihi, na hata kiasi cha kukaza bado nakijua kwa mkono tu. Ninachofanya daima ni kulegeza chaki kabla ya pasi ya mwisho, kisha kukaza tena kidogo, kiasi cha kuishika kazi tu.

Kuhusu kubeba: tumia mkanda wa kitambaa, si mnyororo, na ulaze rodi kwenye mbao zilizokatwa umbo la V, si sakafuni.

Rodi ya jana niliirudisha ndani ya silinda nikapima mwendo wa sili, yaani sehemu ya rodi inayopita kwenye sili. Vidonda viwili kati ya vitatu viko ndani ya mwendo. Maana yake ni kusaga kromu yote, kupaka mpya, na kusaga tena mpaka kipimo. Kijana alikuwa amekuja na hela ya sili moja.