Mche Ni Uleule, Udongo Ndio Uliogeuza Rangi

Picha imeingia tena WhatsApp. Haidrenjia nzuri kabisa, majani mapana, vichwa vya maua vimejaa, na vyote ni pinki. Chini yake maneno yaleyale: "Kaka, mbona ulinipa mche wa pinki? Mimi nililipia bluu." Kila maua yakianza kuchanua napokea ujumbe wa namna hii kutoka Uyole na Mbalizi hapa Mbeya, hata Iringa mjini. Wapo wanaoamini kabisa kwamba sisi wenye vitalu tunachanganya miche kwa makusudi ili mtu arudi kununua mwingine. Jamani, mche wako ni uleule niliokupa. Leo najibu kwa wote, na kwa urefu, kwa sababu jibu fupi nimeshalitoa mno na halisikiki.

Rangi ya pinki na rangi ya bluu kwenye haidrenjia zinatokana na kemikali moja, mojawapo ya zile zinazoitwa anthosiani. Ikikaa bila alumini, jicho letu linaona pinki. Ikishikana na alumini ndani ya ua, tunaona bluu. Alumini ikiwepo kidogo, isiyotosha, unapata zambarau, au ule mchanganyiko ambao watu wanadhani ni ugonjwa. Swali la kujiuliza, basi, ni kama mizizi inapata alumini au haipati.

Udongo karibu wote una alumini. Kinachotofautiana ni kama iko huru au imefungwa. Udongo ukiwa mchachu, yaani pH (kipimo cha uchachu, ambacho namba yake hushuka uchachu ukizidi) ikiwa chini ya 5.5 hivi, alumini inayeyuka kwenye maji ya udongo na mizizi inainyonya. pH ikipanda kupita 6.5 inafungwa, na hata ukimwagilia kutwa mara tatu mmea hauipati. Katikati ya hapo ndipo penye vurugu zote za zambarau.

Kwa mimea mingi alumini hii huru ni sumu. Mizizi ya mahindi inadumaa, na ndiyo maana maafisa ugani wanahimiza chokaa mazao kwenye mashamba yenye uchachu. Haidrenjia na chai ni mimea ya aina nyingine: zinaivumilia alumini na kuihifadhi mwilini. Ukitaka kujua wapi haidrenjia itakuwa bluu bila kusaidiwa, tazama chai inastawi wapi. Tukuyu, Mufindi, Lupembe kule Njombe, huko mtu anachomeka kijiti uani na kinatoa bluu kali. Mvua nyingi imeosha kalisi, ile inayopunguza uchachu, kwa karne nyingi, udongo umebaki mchachu. Ukibeba kijiti hichohicho ukakipanda mahali pakavu zaidi, au kwenye uwanja wa nyumba mpya, usishangae.

Sasa nije kwenye majivu, kwa sababu hapa ndipo uvumilivu unaponiishia.

Nikimuuliza mtu mwenye pinki anaweka nini kwenye shina, karibu kila mara jibu ni majivu ya jikoni. "Ni mbolea ya asili, hayana kemikali." Majivu ni kemikali tupu, na ni kali. Yana kalisi nyingi na potasi, na yanapandisha pH haraka kuliko chokaa nyingi zinazouzwa dukani. Maji yaliyochujwa kwenye majivu ndiyo bibi zetu waliyotumia kulainisha maharage na mboga ngumu. Kitu chenye nguvu ya kulainisha maharage hakiwezi kupita kwenye udongo bila kuugusa. Kwenye migomba, sawa, mwaga, mgomba unapenda potasi. Kwenye kabichi pia sina ugomvi. Lakini ukimwaga karai la majivu chini ya haidrenjia kila Jumamosi, umeifungia mlango alumini yote iliyoko pale, kisha unakuja kuniambia mche ulikuwa wa pinki.

Wapo wanaonijibu kwamba udongo wa Mbeya wenyewe ni majivu, kwani si volkano? Ni kweli, sehemu kubwa ya udongo wetu, kuanzia milima ya Rungwe na Ngozi kuja huku mjini, umetokana na majivu ya volkano. Ila majivu ya volkano ni mawe yaliyosagika, yenye silika na alumini kwa wingi, na yakipigwa na mvua miaka mingi yanaelekea uchachu. Majivu ya kuni ni mabaki ya mti, yamejaa kalisi. Jina limefanana, kazi zake ni kinyume kabisa.

Baada ya majivu, mshukiwa wa pili ni ukuta wako. Nenda kaangalie haidrenjia iliyopandwa kwenye kona ya nyumba. Nina moja mtaa wa jirani ninayoipitia mara kwa mara: matawi ya upande wa ukuta yana vichwa vya pinki iliyofifia, yale yanayoelekea kwenye nyasi ni bluu, na katikati kuna kichwa kimoja ambacho ukikigeuza mkononi unaona maua ya bluu, ya zambarau na ya pinki kwenye kikonyo kimoja. Shina ni moja. Mizizi ya upande huu inakula mabaki ya saruji na chokaa iliyodondoka wakati wa plasta, ya upande ule inakula udongo wa zamani. Mafundi wakimaliza nyumba hufukia mabaki palepale msingini, na wewe unakuja kupanda ua juu yake. Kaa angalau mita moja kutoka ukutani, au chimba shimo pana utoe uchafu wote wa ujenzi kabla hujapanda.

Mbolea za dukani nazo zina lao. DAP inajaza fosforasi, na fosforasi inashikana na alumini hukohuko kwenye udongo, hivyo ua linaelekea pinki hata kama pH hukuigusa. Mbolea ya Minjingu ina fosforasi na kalisi kwa pamoja, kwa hiyo inasukuma upande huohuo mara mbili. CAN ina chokaa ndani yake. Anayetaka bluu atumie SA (salfeti ya amonia), kidogo kidogo, wakati wa mvua: inatoa naitrojeni na inachachusha udongo. Anayetaka pinki afanye kinyume cha yote haya, na majivu yake yatakuwa na faida hatimaye.

Na wale wanaofukia misumari yenye kutu shinani ili wapate bluu, hapana. Misumari ni chuma. Chuma hakitoi bluu kwenye haidrenjia. Kama majani yako yana njano katikati huku mishipa imebaki kijani, hapo mmea unashindwa kupata chuma kwa sababu pH iko juu, na dawa yake ni kushusha pH. Msumari uliofukiwa hautakusaidia.

Sasa tahadhari kwa wale walioelewa nusu na kuanza kufundisha wengine kwamba "ni uchachu tu". Uchachu unafungua mlango. Anayeingia ni alumini. Nimeona haidrenjia kwenye ndoo zilizojazwa mboji na pumba za mbao, mchanganyiko mchachu vizuri, na maua yakatoka pinki, kwa sababu mle ndani hakukuwa na udongo wa kutosha wenye alumini. Ukipanda kwenye chungu au ndoo, changanya na udongo halisi wa hapa kwetu, ule mwekundu au ule wa volkano, walau nusu yake. Na wale wanaodai kwamba mche hauna mchango wowote kwenye rangi nao wamezidisha. Zipo haidrenjia nyeupe, hizo hazina ile kemikali ya rangi, zitabaki nyeupe hata uzipande katikati ya shamba la chai. Mche una amri juu ya ukali wa rangi: wenye pinki hafifu utakupa bluu hafifu, na wenye wekundu uliokolea utaishia zambarau nzito au bluu iliyokolea. Picha za mtandaoni za haidrenjia nyekundu kama damu, kwa udongo wa Tukuyu, usizitarajie.

Kama unataka kusukuma rangi kuelekea bluu, nunua shabu, hiihii inayotumika kutuliza maji machafu. Ndani yake mna alumini, na inachachusha. Kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 4 au 5 za maji, mwagilia kwenye udongo ambao tayari una unyevu, kila baada ya wiki mbili au tatu, ukianza kabla vichwa havijaanza kupata rangi. Kichwa kilichokwishachanua hakitageuka, subiri kinachofuata. Kipimo hicho kichukue kama pa kuanzia tu. Vitabu huandika namba kana kwamba udongo wote duniani ni mmoja, nami siamini kwamba udongo uliolishwa majivu miaka mingi utasikia kijiko kimoja sawa na udongo wa kawaida. Ukiona kingo za majani zinaungua, acha, mwagilia maji matupu. Salfa ya unga inashusha pH pia, ila inafanya kazi kupitia bakteria wa udongo, polepole, kwa miezi. Majani ya misonobari kutoka Mufindi nayaweka kama matandazo, yanatunza unyevu vizuri sana. Kwamba yanabadili rangi ya ua, sijawahi kuona dalili yake. Na kabla ya kununua chochote, pima udongo. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, wako hapahapa Mbeya, hakuna sababu ya kubahatisha miaka mitatu.

Maji ya kisima kirefu yakiwa magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria, ni chokaa unayoimimina taratibu kiangazi chote. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya haidrenjia, hata pipa moja.

Utunzaji mwingine nausema haraka. Jua la asubuhi, kivuli cha mchana. Majani yakilegea saa saba mchana usikimbilie ndoo. Rudi saa kumi na mbili jioni, na kama bado yamelegea ndipo umwagilie, na umwagilie kwa kina. Kuanzia Agosti hadi mvua zianze ndio wakati wa hatari huku Mbeya. Mbuzi asile majani yake, yana sumu.

Kupogoa ndiko kunakoua maua ya watu wengi. Haidrenjia hii ya kawaida huficha macho ya maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, na inayatengeneza wakati wa ubaridi. Ndiyo sababu sisi wa nyanda za juu tunapata maua na ndugu zetu wa Dar es Salaam wanapata majani. Ukichukua mkasi mwezi wa Julai ukainyoa kama ua wa michongoma, umekata msimu mzima. Vitabu vya Ulaya vinataja miezi ya kupogoa. Huku kwetu kichaka kimoja kinabeba kichwa kinachonyauka na kingine kinachofunguka kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwezi haukuambii kitu, tazama tawi. Kichwa kikikauka, shuka nacho hadi kwenye jozi ya kwanza ya macho yaliyonona, kata juu yake. Mashina yaliyozeeka kabisa toa machache kutoka chini kabisa, mengine yaache.

Na vile vijiti unavyovipata, usivitupe. Chagua tawi ambalo halikuchanua, lenye vifundo viwili au vitatu, ng'oa majani ya chini, ya juu yakate nusu, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, weka kivulini. Ukianza Januari, mvua zikiwa zimeshika, mizizi inakuwa imeshashika kabla mvua hazijakata. Kisha panda nusu ya vipande karibu na ukuta na nusu mbali nao, uone mwenyewe rangi zitakavyotoka.