Mguu Umepooza, Tatizo Liko Wapi? Ufafanuzi kwa Wagonjwa na Ndugu

Siku ya Kiharusi Duniani huadhimishwa kila tarehe 29 Oktoba, na kila inapokaribia malalamiko kwenye dawati letu la huduma kwa wateja huongezeka. Mengi yanafanana. Mgonjwa amepooza, ndugu wanataka apigwe CT scan ya kichwa papo hapo, lakini daktari anaanza kumgonga magoti kwa kinyundo na kumuuliza maswali. Au picha imeshapigwa, majibu yanasema hakuna tatizo, na familia inaona imelipia bure. Wasiwasi huo tunauelewa, kwa hiyo kitengo cha magonjwa ya mfumo wa neva, yaani mishipa ya fahamu, kinatoa ufafanuzi ufuatao. Hauchukui nafasi ya daktari anayemhudumia mgonjwa wako.

Jambo la msingi ni hili: mahali dalili inapoonekana si lazima pawe mahali penye tatizo. Amri ya kuinua mguu wa kushoto inaanzia upande wa kulia wa ubongo. Inashuka hadi sehemu ya chini ya shina la ubongo, ambako nyuzi nyingi zinavuka kwenda upande wa pili. Kisha inaingia kwenye ugwe mgongo uliomo ndani ya pingili za mgongo, inatoka kupitia neva, na ndipo inaufikia msuli. Njia hiyo ikiumia popote, mguu ni uleule utakaolegea. Bomba likipasuka barabarani, koki ya jikoni ndiyo inayokauka. Kwa hiyo tunapopima kiungo ambacho mgonjwa hakukilalamikia, hatupotezi muda. Tunatafuta bomba limepasukia wapi.

Ukisoma barua ya rufaa utakuta maneno kama hemiplejia, yaani kupooza nusu ya mwili kwa upande mmoja, na paraplejia, yaani kupooza miguu yote miwili. Neno likiishia na paresi badala ya plejia, nguvu imepungua lakini haijaisha. Haya si majina ya magonjwa, na hakuna dawa ya hemiplejia ya kununua duka la dawa. Yanaeleza tu ni sehemu gani ya mwili imeguswa na kwa kiasi gani. Chanzo bado kinatafutwa.

Kinachotuonyesha mahali ni dalili zinazoandamana. Uso, mkono na mguu vikilegea ghafla upande mmoja, tunaangalia ubongo upande wa pili. Upande dhaifu ukiwa wa kulia na mgonjwa akashindwa kupata maneno huku akili yake ikiwa timamu, tunaufikiria ubongo wa kushoto, kwa kuwa ndiko lugha inakokaa kwa watu wengi. Hilo linajulikana tangu mwaka 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alipoufungua ubongo wa mgonjwa mmoja huko Paris ambaye kwa miaka mingi neno alilotamka lilikuwa "tan" tu, akakuta jeraha mbele upande wa kushoto. Serebela, sehemu ya nyuma inayoratibu mizani ya mwili, inakwenda kinyume na utaratibu huo: ikiumia kushoto, ni mkono na mguu wa kushoto unaoyumba. Mtu wa namna hii hutembea kama mlevi, na wapo waliochelewa kuletwa kwa sababu waliowazunguka waliamini wamelewa.

Uso peke yake una kipimo rahisi. Mwambie mgonjwa akunje paji la uso na afumbe macho kwa nguvu. Kwenye kiharusi cha ubongo paji kwa kawaida hukunjika pande zote mbili, kwa sababu misuli yake hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Paji likigoma na jicho lisifumbe, tatizo huwa mara nyingi ni neva ya uso yenyewe. Hali hii ndiyo inayoitwa upepo mbaya au kuzabwa kibao na jini. Hakuna jini. Kuna neva iliyovimba, na kuna dawa ambazo hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72. Jicho nalo linahitaji kulindwa lisikauke. Hata hivyo, kuamua kwamba si kiharusi ni kazi ya daktari. Usimpime ndugu yako nyumbani kisha ukamwacha alale.

Miguu miwili ndiyo inayotuletea usumbufu mkubwa kuliko yote. Mgonjwa analetwa na bahasha yenye picha ya kichwa. Miguu yote imelegea, mkojo umegoma, mikono mizima, kauli safi. Tunapita na ncha ya kijiti kutoka pajani kupanda tumboni. Anasema hasikii, hasikii, na tukifika usawa wa kitovu anasema sasa nasikia. Kitovu ni eneo la neva ya kumi ya kifua. Usawa wa chuchu ni eneo la neva ya nne. Mpaka wa ganzi ndio unaotuonyesha ugwe umeumia kwenye usawa gani. Kisha tunamkwaruza unyayo kutoka kisiginoni kwenda mbele. Kwa mtu mzima mwenye afya kidole gumba hujikunja kwenda chini. Chake kinainuka taratibu na vidole vingine vinatanuka. Alama hiyo aliieleza daktari wa Paris, Joseph Babinski, mwaka 1896, na inatuambia njia imeharibika kabla ya kufika kwenye neva za miguu. Picha inayohitajika ni ya mgongo. Huenda ni kifua kikuu cha pingili, huenda ni uvimbe unaoubana ugwe, na kila siku inayopita inapunguza uwezekano wa kutembea tena. Pesa ya familia, nayo, imeshaishia kwenye picha ya kichwa ambayo hakuna daktari aliyeiomba.

Kuna miguu inayokakamaa bila picha yoyote kuonyesha kitu. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, watu walipata konzo, ugonjwa unaojulikana pia Kongo, unaoambatana na kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha kuondoa sumu. Miguu yote hukakamaa ghafla, ganzi hakuna. Aliyeutambua aliuliza watu wanakula nini.

Ganzi ya miguu yote inayopanda kama soksi huelekeza kwenye neva, mara nyingi kwa wenye kisukari. Ulegevu unaopanda kutoka miguuni ndani ya siku chache ni dharura, kwa kuwa unaweza kufika kwenye misuli ya kupumua. Kope zinazoanguka kadiri jioni inavyokaribia huelekeza pale neva inapokutana na msuli.

Sasa kuhusu majibu yanayosema hakuna tatizo. CT scan huonyesha damu iliyovuja mapema sana. Kiharusi cha mshipa ulioziba kinaweza kisionekane kabisa saa za mwanzo, na shina la ubongo halionekani vizuri kwa sababu ya mifupa mizito inayolizunguka. Picha isiyo na damu ndiyo inayomruhusu daktari kufikiria dawa ya kuyeyusha donge la damu lililoziba mshipa, ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Hukulipia bure.

Utaratibu wetu ni huu. Fomu ya picha hujazwa na daktari aliyempima mgonjwa, ikitaja dalili, upande, muda zilipoanza na swali linalotakiwa kujibiwa. Fomu isiyo na swali hurudishwa na mgonjwa huanza foleni upya, isipokuwa wa dharura. CT scan hutumia mionzi, na matumizi ya mionzi nchini yanasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, hivyo hatupigi picha kwa ombi la ndugu. Wapo wanaoongeza kwa kalamu maneno "na kichwa pia" kwenye fomu. Kubadilisha hati ya daktari ni kughushi, na kughushi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Fomu iliyochezewa inazuiliwa na kupelekwa kwa uongozi, hata kama nia ilikuwa njema. Tunaomba hili lieleweke.

Unapomleta mgonjwa, andika kwenye karatasi saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Aliyelala mzima saa nne usiku na kukutwa amepooza saa kumi na mbili asubuhi, muda wake unahesabiwa kuanzia saa nne usiku. Andika kiungo gani kilitangulia, mkojo unatokaje, na uje na dawa zote anazotumia zikiwa kwenye paketi zake.